Kadi Isiyokuwa kwenye Fungu la Wauguzi

Jina lake la kwenye karatasi lilijulikana na ofisi ya utumishi peke yake. Wengine wote pale hospitalini, kuanzia mganga mkuu hadi wafagizi, walimwita Mama Kadi. Mtoto wa kumzaa hakuwa naye. Jina hilo alilipata kutokana na kadi zake za filamu.

Alikuwa karani wa masjala, mtunza mafaili ya wagonjwa. Jalada la faili likichakaa hubadilishwa, na lile la zamani huenda kwenye pipa la taka. Mama Kadi aliomba ruhusa kwa mkubwa wake, akaanza kuyachukua majalada hayo nyumbani. Aliyakata kwa wembe na rula, sehemu safi tu, akapata kadi ngumu zenye ukubwa wa kiganja. Kila filamu aliyoitazama, na kila tamthilia aliyoimaliza, iliandikiwa kadi yake. Juu tarehe. Chini yake kazi ya mhusika mkuu. Halafu kulikuwa na mistari mitatu isiyobadilika: Nilichopenda, Kilichonikera, na wa mwisho, Nitaitazama tena? Hapo alijibu Ndiyo, Hapana, au Nikiugua.

Alifanya hivyo kwa miaka ishirini na miwili, kwa wino wa bluu na mwandiko mdogo usioyumba.

Majina ya filamu hayakumkaa kichwani hata kidogo. "Majina yenyewe yanafanana kama wanafunzi waliovaa sare," alisema. "Lakini kazi ya mtu haifichiki." Kwa hiyo kadi alizipanga kwa kazi ya mhusika: fungu la Madaktari, fungu la Wapishi, la Mahakama, la Mafundi, la Polisi na Wezi, la Wauguzi, la Walimu. Kulikuwa na fungu la Wanandoa pia. Aliyehoji kama ndoa ni kazi alitazamwa juu hadi chini, na jibu hakupewa.

Tamthilia aliyoipenda kupita zote ilikaa kwa Wapishi. Ilikuwa ya ndugu watatu wenye duka la mikate ambao hawasemezani. Vipindi arobaini, na kila asubuhi wanakanda unga kwenye meza moja, wanapokezana maji na chumvi kwa kutazamana mikono tu. "Aliyeandika hii," ilisema kadi, "amewahi kununiana na mtu anayempenda." Kwa Mafundi ilikuwamo ile ya fundi wa lifti anayeogopa kupanda lifti, anayebeba sanduku lake la vifaa kwa ngazi hadi ghorofa ya tisa. Mama Kadi alicheka hadi akashika mbavu, lakini kilichomvutia hasa ni kwamba mwigizaji alihema tofauti katika kila ghorofa. "Huyu alipanda kweli. Hakukaa chini wakati wenzake wanahamisha kamera." Kwa Mahakama alimsifu wakili ambaye hakushinda kesi hata moja katika vipindi kumi na viwili, na kila akishindwa anapanga karatasi zake vizuri kabla ya kutoka.

Waliomkera ni madaktari. "Amefungua faili, amesoma ukurasa mmoja, ameshajua ugonjwa. Faili la mgonjwa wa miaka sita lina kurasa mia mbili. Huyu kasoma jalada." Fungu la Madaktari lilikuwa na Hapana nyingi kuliko mafungu mengine yote kwa pamoja.

Pamoja na hayo, hakuna kadi hata moja ambayo mstari wa Nilichopenda uliachwa wazi. Kulikuwa na filamu ya joka ambayo kila mtu mtaani aliicheka, maana joka lilishonwa ubavuni kwa uzi mweusi na uzi wenyewe ulionekana. Mama Kadi aliuandika uzi huo kwenye Kilichonikera. Kisha akaandika: "Nilichopenda: yule mwanamke aliyekimbia ameshika kiatu kimoja. Amekimbia kama mtu mwenye kiatu kimoja." Atatazama tena? Akiugua.

Ndiyo maana watu walimtafuta. Mlinzi wa lango la hospitali, ambaye kwa kupenda filamu za mapigano aliitwa Komando, alimsimamisha kila Ijumaa akitoka kazini.

"Mama Kadi, nipe ya wikendi."

"Unataka kupigana au kulia?"

"Kupigana! Nilie kwa nini, nimefiwa?"

"Basi chukua ile ya mwashi. Anapigana mara moja tu, mwishoni."

"Mara moja? Sasa saa mbili zote anafanya nini?"

"Anajenga ukuta. Ukimtazama akijenga, utaelewa kwa nini mtu akiubomoa lazima apigwe."

Komando alikwenda akinung'unika. Jumatatu alirudi mpole kama mtu aliyetoka mazishini. "Ule ukuta, Mama Kadi," alisema. "Ule ukuta jamani."

Nyumbani Mama Kadi aliishi na binti wa kaka yake. Kaka mtu alikuwa fundi wa majokofu, mwenye sauti ya kuitia watu walio ng'ambo ya barabara. Binti alikuja kwa shangazi yake alipoanza kidato cha kwanza, kwa kuwa shule ilikuwa karibu. Shule iliisha, miaka ikapita, naye hakuondoka. Walimwita Kinanda, maana utotoni alikuwa akilia kwa sauti za kupanda na kushuka kama anajaribu vitufe. Sasa alikuwa na miaka ishirini na minne. Jioni walitazama runinga pamoja kwenye kochi ambalo springi zake zimelegea katikati, kiasi kwamba hata wakianza kila mtu na upande wake, kipindi kikiisha wanajikuta bega kwa bega.

Nyumba ile ilikuwa na desturi mbili. Ya kwanza, maoni hulala. Mama Kadi hakusema neno juu ya filamu siku aliyoitazama. Kadi iliandikwa kesho yake. Ya pili, maoni hayaulizwi. Anayetaka kujua Shangazi ameonaje anainuka, anakwenda kwenye rafu iliyo kando ya runinga, anafungua mikebe minne ya biskuti yenye kadi, anasoma mwenyewe. Kinanda alikua hivyo. Alijua kumtafuta mwashi kwa Mafundi na mwizi wa mapambo kwa Polisi na Wezi kama wengine wanavyojua kabati la sukari.

Mwaka ule Kinanda alipata nafasi ndogo kwenye tamthilia ya hospitali: muuguzi mdogo, matukio matatu, yote katika kipindi kimoja. Kilirushwa Jumapili jioni. Kaka mtu alikuja, majirani wawili wakaja, sebule ikajaa. Kila Kinanda alipotokea kwenye kioo, baba yake aliruka.

"Huyo! Huyo! Mtazameni! Si mnamwona? Huyo ni wangu!"

"Baba, kaa chini, siwasikii wenzangu," alisema Kinanda akiwa ameficha uso kwa mto.

"Unataka kusikia nini na wewe ulikuwepo?"

Kipindi kilipoisha majirani walipiga makofi, wakamwita nyota, wakasema mwigizaji mkuu akae chonjo. Kinanda aliwashukuru, lakini jicho lake lilikuwa kwa shangazi yake. Mama Kadi alisema, "Nimeona," akaenda kuosha vikombe.

Usiku uleule, kabla wageni hawajaaga, simu ya Kinanda ililia kwa ujumbe. Watu wa tamthilia walitaka arudi msimu unaofuata, safari hii awe na kurasa nzima za kuzungumza. Walihitaji jibu kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa. Baba yake alitua kama puto lililotobolewa. Alikuwa amemtafutia bintiye kazi ya kaunta kwenye duka la vipuri vya majokofu, kazi ya kudumu, na wao pia walitaka mtu aanze Jumamosi.

"Mambo ya runinga ni ya kupita," alisema. "Leo upo, kesho wamekuua kwa ajali ya gari ndani ya hadithi. Lakini usiseme nimekulazimisha. Ukiona unayaweza, nenda. Ukiona unabahatisha, njoo dukani."

"Nitafikiri," alisema Kinanda.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Mama Kadi alitazama marudio ya kipindi, peke yake, safari hii akisikia kila neno. Aliandika kadi akiwa amesimama, akaiweka mahali pake, akatoka. Kazini alikuta habari mbaya: masjala inahamishwa chumba. Mafaili elfu kumi na moja yashushwe, yabebwe, yapangwe upya. Wiki nzima alirudi nyumbani miguu imevimba, anakula anasinzia. Kadi alishaandika. Kwa upande wake, alikuwa ameshasema.

Jumatano jioni Kinanda alimwekea chakula, akakaa mbele yake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shangazi, nimemwambia baba nitakwenda dukani."

Kijiko kilibaki hewani. "Na wale wa tamthilia?"

"Sijawajibu. Nitawajibu Ijumaa."

"Umeamua mwenyewe?"

"Nimesaidiwa kuamua," alisema Kinanda, akainuka na kuanza kuondoa vyombo ambavyo mwenzake hajamaliza kulia.

Mama Kadi hakuwa mtu wa kuchimba watu. Alidhani mtoto ameisoma kadi, akapima, akaona duka ni bora. Ni haki yake. Lakini aliumia, na alishangaa kuumia kwake, maana kadi ile aliiandika kwa moyo wake wote.

Alhamisi alitoka kazini mapema. Masjala mpya ilikuwa imekamilika. Langoni Komando alimsimamisha.

"Mke wangu anataka filamu ya muuguzi. Nzuri, isiyo na kifo."

"Zipo mbili. Nitakuandikia kesho."

Nyumbani hakukuwa na mtu sebuleni. Alivua viatu, akashusha mkebe wa pili, akafungua fungu la Wauguzi ili kukumbuka zile mbili. Mkono ukasimama. Kadi tatu zilikuwa zimerudishwa kinyume, maandishi yakiwa yametazama nyuma. Yeye hajawahi kurudisha kadi kinyume maishani mwake. Akavuta nyingine. Fungu zima lilikuwa limepekuliwa, kadi baada ya kadi, na mtu ambaye mwishoni hakujali tena anazirudishaje.

Ndipo akaelewa, na akakaa chini.

Kadi ya Kinanda haikuwa kwa Wauguzi. Hakuiweka kule kwa sababu Kinanda hakuwa mhusika mkuu, na kwa sababu nyingine iliyo kubwa zaidi. Nyuma ya mkebe wa nne kulikuwa na bahasha ya kaki ambayo yeyote aliyeiona alidhani ina kadi tupu. Juu yake, kwa penseli hafifu, paliandikwa Mikono. Humo hamkuwa na filamu wala tamthilia. Mlikuwa na watu tu: mtu aliyefanya jambo moja dogo mbele ya kamera, sekunde tatu au nne, akalifanya kama hakuna anayemtazama. Mzee aliyefunga sanduku kwa safari asiyoitaka. Mhudumu wa hoteli aliyegeuza kikombe ili mkono wa mgeni usiungue. Katika miaka ishirini na miwili, kabla ya Jumatatu ile, bahasha ilikuwa imepata kadi thelathini na moja. Hakuwahi kumwonyesha mtu.

Kwa hiyo mtoto alikwenda kwa Wauguzi, mahali sahihi kwa mujibu wa mpango aliofundishwa, na hakujikuta. Hata joka la uzi mweusi lilikuwa na kadi. Yeye hana.

Mama Kadi aliijua hali hiyo kutoka upande wa pili wa dirisha. Faili likiwekwa pasipo pake, mgonjwa anaambiwa hajawahi kutibiwa hapa. Aliwahi kumwona mzee mmoja akisimama dirishani, hana faili, anarudia tarehe aliyopasuliwa kwa sauti inayozidi kupungua, kana kwamba na yeye ameanza kuwa na shaka. Karani wa masjala mwenye miaka ishirini na minane kazini alikuwa amemfanyia hivyo mtoto aliyemlea, ndani ya nyumba yake, halafu akasinzia mezani.

Alichukua bahasha yote akaenda ukumbini nyuma ya jiko. Kinanda alikuwa akipiga pasi shati jeupe la kwenda nalo dukani.

"Zima pasi," alisema Mama Kadi.

"Nimebakiza mkono mmoja, Shangazi."

"Mwanangu, zima pasi."

Kinanda akazima. Mama Kadi akatoa kadi moja, akaiweka juu ya shati. Binti aliitazama bila kuigusa.

"Hii umeiandika leo?"

"Soma tarehe."

Ilikuwa ya Jumatatu. Kinanda akaichukua, akasoma taratibu, midomo ikicheza:

"Kazi: muuguzi, nafasi ndogo. Kilichonikera: akisema, anasema kama anayesoma orodha ya dawa dirishani. Nilichopenda: mzee anaeleza kwamba ameishi na mkewe miaka thelathini na hajui namba ya viatu vyake. Muuguzi ameshika sinia. Kikombe kinagonga sahani. Anakizuia kwa kidole gumba, hakitazami, anamtazama mzee, ili mzee amalize. Hapo nilisahau kwamba ni mtoto wetu. Nitaitazama tena? Nimeshaitazama mara mbili."

Kisha Kinanda akainua uso, macho yamemtoka.

"Orodha ya dawa?"

"Ndiyo."

"Orodha ya *dawa*, Shangazi? Mtaa mzima umenisifu!"

"Mtaa mzima ulikuwa unamsikiliza baba yako."

Kinanda alitaka kukasirika, lakini kicheko kikamponyoka, na nyuma ya kicheko yakaja machozi, akayafuta kwa mkono wa shati la dukani. "Nimepekua mkebe mzima," alisema. "Nikasema, basi sikustahili hata karatasi ya jalada."

"Nilikuweka mahali ambapo mimi ningekutafuta. Sikufikiri wewe utatafuta wapi. Hilo ni kosa, tena ni kosa la mtu anayejua kazi yake. Nisamehe."

Kinanda alikuwa amemimina kadi za bahasha juu ya meza ya pasi, anazisoma moja moja: mzee wa sanduku, mhudumu wa kikombe. Alisoma kama mtu anayesoma majina ya ukoo wake.

"Nani alikuambia uzuie kikombe?" aliuliza Mama Kadi. Swali hili lilimkereketa tangu Jumatatu.

"Hakuna. Mwongozaji aliniambia nisimame tu. Kikombe kilikuwa kinapiga kelele, na yule mzee alikuwa anasema vizuri sana, nikaona nitamharibia."

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi unajua kusikiliza. Kwenye kioo wasemaji wamejaa tele. Miaka yote hii nimepata wasikilizaji thelathini na mmoja. Wewe wa thelathini na mbili."

"Lakini safari hii wananipa kurasa nne za kusema, Shangazi! Kusema, si kusikiliza. Na wewe mwenyewe umeandika ninavyosema."

Hapo Mama Kadi hakuwa na kadi ya kumjibu. Maisha yake yote alitazama kazi ikiwa imeshamalizika. Inatengenezwaje, hakujua. Alisimama akishika ncha ya meza, kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya wala kulifikiria.

"Zilete hizo kurasa," alisema.

Kinanda akazileta zikiwa ndani ya simu, kama zilivyotumwa pamoja na ule ujumbe. Muuguzi yule sasa anazungumza na binti wa mgonjwa, binti ambaye hataki kuingia chumbani kumwona mama yake. Mama Kadi alivaa miwani, akasogeza simu mbali, akaanza kusoma sehemu ya binti yule.

"Mimi siingii. Sina cha kumwambia. Niache hapa."

Aliyasoma kama anavyosoma namba za mafaili, moja baada ya nyingine, zote kwa uzito sawa. Kinanda aling'ata mdomo, ikashindikana, akacheka hadi akashika ukuta.

"Shangazi! Orodha ya dawa!"

"Ehe! Sasa unajua kinavyoniuma."

"Usinisomee. Niambie. Nitazame, halafu niambie kwamba huingii."

"Sasa nikikutazama nitasomaje?"

"Maneno ni machache. Yashike."

Mama Kadi akayashika. Akashusha simu, akamtazama mtoto wa kaka yake usoni, akafungua mdomo, akaona haya kama msichana, akaufunga. Akajaribu tena. "Mimi siingii," alisema. Sauti ilitoka ndogo, mbaya, yake mwenyewe. "Sina cha kumwambia."

Kinanda aliacha kucheka. Alisimama bila kusogea, kichwa kimeinama kidogo upande, akisikiliza mpaka neno la mwisho lilipotua, na hakuharakisha. Halafu akajibu maneno ya muuguzi, na maneno hayakutoka dirishani. Yalitoka mahali alipokuwa amesimama, polepole, kwa sababu yalikuwa yanamjibu mtu.

Hawakumsikia kaka mtu akiingia. Alikuwa amekuja kumletea bintiye kitambulisho cha dukani, akasimama mlangoni na kitambulisho chake mkononi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliingia ndani ya nyumba bila kupiga kelele. Alisubiri ukurasa uishe. Akasubiri na wa pili.

"Kwa hiyo," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo isiyomfaa, "kesho kule dukani niwaambieje?"

"Waambie wasinisubiri, baba," alisema Kinanda, macho yake hayajabanduka kwa shangazi yake. "Shangazi, rudia pale uliposema huingii. Umenitazama vizuri, ila mwishoni umekimbia."

Mama Kadi akavuta pumzi, akarudia.